Kujiunga, Kufunzwa na Kupanda Cheo katika Jeshi la Polisi Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tangazo la ajira za polisi linapotoka, vijana huja barazani kwangu na bahasha za vyeti mkononi, na wazazi hupiga simu usiku. Kwa miaka mingi ya kufundisha sekondari nimeulizwa maswali yaleyale, nami nimeona vema kuyaandika pamoja na majibu yake. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine sitalirudia, bali nitamwelekeza msomaji kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, kila mkoa una polisi wake na huajiri wenyewe?

Hapana. Jeshi la Polisi Tanzania ni moja kwa Bara na Zanzibar, kwa kuwa polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Mkuu wake ni Inspekta Jenerali wa Polisi, na makao makuu yako Dodoma. Mkoa una Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye watu wamezoea kumwita RPC; chini yake wako wakuu wa polisi wa wilaya, yaani OCD, na wakuu wa vituo, yaani OCS. Iko pia mikoa ya kipolisi isiyolingana na mikoa ya utawala, kama vile Temeke, Ilala na Kinondoni ndani ya Dar es Salaam, ambayo yote iko chini ya Kanda Maalumu.

Mkoa unahusika na ajira kwa namna nyingine. Usaili wa awali wa vijana wengi hufanyika katika ofisi za makamanda wa mikoa, na taarifa za mwenendo wa mwombaji hukusanywa huko anakoishi. Uamuzi wa nani aajiriwe hutolewa ngazi ya taifa, na anayeajiriwa akitokea Kigoma anaweza kupangiwa Mtwara. Kwa hiyo anayeomba kazi hii kwa matumaini ya kubaki jirani na nyumbani ajue mapema kwamba utayari wa kufanya kazi mahali popote nchini ni mojawapo ya masharti.

2. Kwa nini linaitwa jeshi ilhali kazi yake ni ya kiraia?

Jina hilo ni la kihistoria na la kisheria. Chombo hiki kilianzishwa na utawala wa Waingereza tarehe 25 Agosti 1919, makao yake yakiwa Lushoto kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930, na tangu awali kilipangwa kwa vyeo, gwaride na amri. Sheria inayolisimamia leo ni Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322.

Hata hivyo, kazi yake ni ya ndani ya nchi na iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani: kulinda maisha na mali, kuzuia uhalifu, kupeleleza, kukamata na kufikisha watuhumiwa mahakamani. Askari polisi hana adui wa kumshinda vitani. Ana raia mwenye haki hata pale anapotuhumiwa. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa mwaka 2023, ilipendekeza Jeshi lisukwe upya ili sura yake iwe zaidi ya chombo cha huduma. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linagusa majibu yote yanayofuata: kijana anayekimbilia kazi hii kwa kupenda bunduki na amri amekosea mlango.

3. Kuna tofauti gani kati ya askari, mkaguzi na afisa?

Katika hotuba za kipolisi utasikia maneno "maofisa, wakaguzi na askari wa vyeo mbalimbali". Askari ni kuanzia konstebo hadi sajini meja, ambao vyeo vyao huvaliwa begani au mkononi kwa alama za V na nembo. Wakaguzi ni Mkaguzi Msaidizi na Mkaguzi. Maofisa huanzia Mrakibu Msaidizi na kuendelea. Orodha kamili iko katika swali la 15.

## Kuomba na kuajiriwa

4. Nafasi hutangazwa lini na wapi?

Hakuna mwezi maalumu. Nafasi hutolewa Serikali inapotoa kibali cha ajira, na kibali hufuata bajeti, hivyo unaweza kupita mwaka bila tangazo kisha yakaja mawili karibu karibu. Tangazo hutolewa na makao makuu kupitia tovuti ya Jeshi na vyombo vya habari, na maombi kwa sasa hutumwa kwa mfumo wa ajira wa Jeshi mtandaoni. Pamoja na kujaza fomu, mwombaji hutakiwa kupandisha vyeti vyake na barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Barua hiyo ya mkono huwasumbua wengi waliozoea kuandika kwa simu. Wapo wanaomwomba dada au rafiki mwenye mwandiko mzuri awaandikie, kisha siku ya usaili wanapewa kalamu na karatasi. Andika mwenyewe, hata kama mwandiko wako si wa kupendeza. Msomaji anataka kuona kwamba unaweza kupanga maneno yakaeleweka, kwa sababu utatumia kalamu hiyo kazini kila siku.

5. Sifa za msingi ni zipi?

Kila tangazo lina masharti yake, na tangazo la mwaka husika ndilo linalotawala. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe Mtanzania kwa kuzaliwa, awe na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, awe na umri wa miaka 18 hadi 25 kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, na hadi miaka 30 kwa wenye shahada. Urefu umekuwa futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Ufaulu wa kidato cha nne umekuwa daraja la kwanza hadi la nne, ila kwa daraja la nne matangazo kadhaa yamekomea alama 28. Mwombaji asiwe ameoa, kuolewa au kuwa na mtoto, asiwe na rekodi ya uhalifu wala ya kutumia dawa za kulevya, na asiwe na michoro ya kudumu mwilini. Kwa kawaida hutakiwa pia asiwe mwajiriwa wa taasisi nyingine ya Serikali.

Jina lako lifanane kwenye nyaraka zote. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine, kwa kuwa nimeona likiwagharimu vijana waliotimiza yote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, na NIDA imeandika jina la babu badala ya la baba. Marekebisho huchukua majuma, wakati dirisha la maombi ni la siku chache. Yafanye kabla tangazo halijatoka.

6. Je, ni lazima niwe nimepitia JKT?

Inategemea tangazo. Serikali kwa muda mrefu imekuwa na sera ya kuvipa vyombo vya ulinzi na usalama vijana waliokwisha kupita Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa upande wa Zanzibar Jeshi la Kujenga Uchumi, na yamekuwapo makundi ya kuruta waliochukuliwa makambini moja kwa moja. Yamekuwapo pia matangazo yaliyofunguliwa kwa wasiopita huko. Aliyepita JKT ana faida ya kweli: anajua kuamka kwa filimbi, anajua kwata, na cheti chake kinaonyesha kwamba alistahimili. Cheti hicho hakifuti masharti mengine yaliyo katika swali la 5.

7. Siku ya usaili mambo huwaje?

Fika mapema, kwa gharama zako mwenyewe, ukiwa na vyeti halisi. Foleni huanza kabla jua halijachomoza. Kwanza hukaguliwa nyaraka, na hapo wengi huondoka. Kisha utavua viatu na kusimama ukutani penye alama ya kipimo. Karani huweka rula juu ya kichwa, na anayejinyanyua kwa vidole vya miguu huambiwa ashushe visigino. Mwili hukaguliwa kutafuta michoro na kasoro zinazoweza kukuzuia kukimbia au kubeba silaha. Afya kamili hupimwa na daktari katika hatua yake.

Yanayofuata ni mahojiano. Wasaili huuliza kwa nini umetaka kazi hii, utafanya nini ukimkamata ndugu yako, nani ni mkuu wa wilaya yako, bendera ya taifa ina rangi gani na maana yake. Maswali mengine ni mepesi kwa makusudi, kwa kuwa kinachotazamwa ni namna unavyojibu ukiwa umesimama wima mbele ya watu usiowajua. Usijibu kwa kukariri, na usiseme umetaka kazi kwa sababu umekosa nyingine.

Wenye shahada na fani maalumu huweza kuitwa sehemu tofauti na wale wa kidato cha nne na sita, hivyo soma orodha ya walioitwa mpaka mwisho wake.

8. Nimeambiwa nikitoa fedha jina langu litapita. Ni kweli?

Anayekuambia hivyo ama ni tapeli ama ni mla rushwa, na katika hali zote mbili wewe unapoteza. Hakuna ada ya kuomba kazi ya polisi. Matapeli wana desturi ya kupiga simu katika siku zilezile majina yanaposubiriwa. Hutaja kiasi cha "kumalizia faili", hutuma barua yenye muhuri wa kughushi, na baada ya kupokea fedha hutokomea. Namfahamu mama mmoja aliyeuza mbuzi wanne kwa barua ya namna hiyo. Mwanawe alifika getini na begi, akarudishwa.

Kama anayedai fedha kweli ni mtumishi, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, na mtoaji naye ana kosa. Toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni ya bure. Naomba wazazi walifikirie jambo hili kwa uzito: askari aliyenunua kazi ataitafuta fedha yake barabarani na kaunta, na watakaoilipa ni majirani zenu.

9. Nina shahada. Je, nitaanza na nyota begani?

Katika utaratibu wa sasa, hapana. Mwenye shahada ya sheria, uhasibu au kompyuta huingia mafunzo ya awali kama kuruta na kutoka akiwa konstebo sawa na aliyemaliza kidato cha nne. Elimu yake humsaidia baadaye, katika kupangiwa kazi za fani yake na katika kuteuliwa kwenda kozi za uongozi. Jeshi linahitaji madaktari na wauguzi kwa hospitali na zahanati zake, linahitaji mafundi, wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi na wa makosa ya mtandao. Ila wote huanza kwa kushika ufagio na kulinda zamu ya usiku, na mimi naona ni sawa, kwa sababu atakayekuja kuwaamuru askari wa lindo ni vizuri awe amelinda.

10. Je, wanawake wanaajiriwa kwa masharti tofauti?

Masharti ni yaleyale isipokuwa urefu, na mafunzo ni yaleyale. Askari wa kike huandikwa WP mbele ya namba yake ya jeshi, na hushika cheo chochote. Wapo waliokuwa makamanda wa mikoa na makamishna. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo yamezidisha haja ya askari wa kike wenye kujua kumsikiliza aliyedhurika bila kumharakisha. Kuruta wa kike hupimwa ujauzito kabla ya kupokelewa chuoni, kwa kuwa mazoezi ya depo, yaani mafunzo ya awali, hayamfai mwenye mimba.

## Mafunzo

11. Mafunzo ya awali hufanyika wapi na huchukua muda gani?

Chuo kikubwa cha kuruta ni Shule ya Polisi Tanzania iliyoko Moshi, mkoani Kilimanjaro, ambayo kila mtu huiita CCP, yaani Chuo Cha Polisi. Vipo pia vyuo vya Kidatu mkoani Morogoro na cha Zanzibar, na Chuo cha Taaluma ya Polisi kilichoko Kurasini, Dar es Salaam, ambacho hasa ni cha kozi za wakaguzi, maofisa na fani. Kozi ya awali kwa kawaida huchukua miezi kati ya sita na tisa, kutegemea mtaala wa wakati huo na mahitaji ya Jeshi.

12. Kuruta hufundishwa nini?

Watu wa nje huiona kwata tu, kwa sababu ndiyo inayoonekana siku ya kufunga mafunzo mbele ya mgeni rasmi. Ni kweli kwamba majuma ya kwanza ni ya mwili: mchakamchaka alfajiri, kwata uwanjani mpaka hatua za watu mia zisikike kama za mtu mmoja, kunyoosha kitanda, kung'arisha viatu, usafi wa bweni. Baadaye huja silaha na kulenga shabaha, kujihami bila silaha, ukakamavu, na mafunzo ya medani ambayo kuruta wa Moshi huyafanyia West Kilimanjaro wilayani Siha, penye baridi ambayo kijana wa Tanga au Lindi haijui.

Lakini nusu ya pili ya kazi iko darasani, na hapo ndipo askari mzuri hutengenezwa. Kuruta hufundishwa Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sheria ya Ushahidi, haki za binadamu, usalama barabarani, polisi jamii, huduma ya kwanza, na maagizo ya kudumu ya Jeshi ambayo askari wote huyaita PGO. Hufundishwa kwamba anayemkamata mtu lazima amweleze sababu ya kumkamata. Hufundishwa kwamba mahojiano na mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi yana muda wa msingi wa saa 4, na kwamba muda ukihitaji kuongezwa uko utaratibu wa kuuongeza.

Nitoe mfano mmoja wa karibu, kwa kuwa vijana hudharau masomo haya. Askari anamkamata mtu na simu ya wizi saa 2 asubuhi. Anamweka mahabusu, anashughulika na mengine, na saa 10 jioni anaketi kuandika maelezo ya onyo, yaani kauli ya mtuhumiwa baada ya kuonywa. Mtuhumiwa anakiri yote na kutia sahihi. Mahakamani wakili anauliza jambo moja tu: maelezo yaliandikwa saa ngapi? Mahakama za nchi hii zimekwisha kuyaondoa katika kumbukumbu maelezo ya namna hiyo mara nyingi, na kesi ikabaki bila mguu wa kusimamia. Ni hivyo hivyo kwa kielelezo kisicho na maandishi ya nani alikikamata, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi na nani alikitoa. Aliyeibiwa huondoka mahakamani akiamini hakimu kahongwa, kumbe kesi ilipotea siku ile ya kwanza kwenye kaunta.

13. Je, kuruta anaweza kurudishwa nyumbani?

Ndiyo, na hutokea katika kila kozi. Sababu ni utovu wa nidhamu, kutoroka, kushindwa mitihani, ugonjwa usiomruhusu kuendelea, au kugundulika kwa cheti cha kughushi. Kuhusu vyeti, asidhani mtu kwamba akishaapishwa yamekwisha: uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, baadhi yao wakiwa na miaka mingi kazini.

14. Baada ya kuapishwa, konstebo hupangiwa wapi, na anaweza kuwa mpelelezi lini?

Hupangiwa na makao makuu kwenda mkoani au kikosini, na mkoa ndio humpeleka wilayani na kituoni. Vipo vikosi vya kutuliza ghasia, usalama barabarani, reli, bandari, viwanja vya ndege, mbwa na farasi, na wanamaji. Wengi huanza kazi za jumla: lindo, doria, kaunta, kusindikiza mahabusu.

Upelelezi hauanzi kwa kuomba tu. Askari huonekana kwanza kazini kama ana subira na kalamu nzuri, huteuliwa, kisha hupelekwa kozi ya upelelezi. Akifuzu huanza kuandikwa kwa herufi D mbele ya cheo chake, na huvaa kiraia kazi inapotaka. Kuhusu ndoa, ambalo huulizwa sana na wachumba: askari mpya husubiri muda uliowekwa na huomba kibali kabla ya kufunga ndoa, hivyo mahari isiharakishwe.

## Vyeo na kupanda

15. Vyeo ni vipi, kuanzia chini?

Konstebo, Koplo, Sajenti, Stafu Sajenti, Sajini Meja. Kisha Mkaguzi Msaidizi na Mkaguzi. Kisha Mrakibu Msaidizi, Mrakibu, Mrakibu Mwandamizi. Kisha Kamishna Msaidizi, Kamishna Msaidizi Mwandamizi, Naibu Kamishna, Kamishna. Na juu ya wote Inspekta Jenerali. Koplo huvaa V mbili na Sajenti V tatu. Mkaguzi Msaidizi huvaa nyota moja, Mkaguzi mbili, na Mrakibu Msaidizi tatu. Kutoka V kwenda nyota ndiyo hatua ambayo askari huisherehekea kuliko zote.

16. RPC, OCD na OCS ni vyeo?

Hapana, ni madaraka. Mtu hupewa na huondolewa madaraka bila cheo chake kubadilika. Kamanda wa mkoa akihamishiwa makao makuu huacha kuwa RPC, lakini anabaki Kamishna Msaidizi au Kamishna Msaidizi Mwandamizi kama alivyokuwa. Vivyo hivyo Mkaguzi wa Polisi wa Kata, anayepangwa kufanya kazi na viongozi wa kata na wananchi katika kuzuia uhalifu, anashika jukumu; cheo chake ni kile cha ukaguzi alichokuwa nacho.

17. Ni nini kinachomfanya askari apande cheo?

Zipo nguzo kadhaa zinazotegemeana. Kwanza ni muda alioutumikia katika cheo alicho nacho. Pili ni rekodi yake ya nidhamu, kwa maana adhabu huandikwa na husomwa. Pia yapo mapendekezo ya mkuu wake wa kazi, elimu yake, na kuwapo kwa nafasi katika ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Akiteuliwa huenda kozi: ya uongozi mdogo kwa wanaokwenda ukoplo na usajenti, ambayo Moshi imekuwa ikiendesha kwa miaka mingi, na ya wakaguzi au maofisa kwa ngazi zinazofuata. Kozi ina mitihani na kwata, na kuteuliwa hakuhakikishi kufuzu. Nje ya njia hiyo ya kawaida, askari aliyeonyesha ushujaa au uaminifu wa pekee, kama vile kukataa rushwa na kumkamata mtoaji, anaweza kupewa zawadi, barua ya pongezi, au kupandishwa cheo.

Watu husema wanaopanda ni wale wenye ndugu wakubwa. Sitakana kwamba upendeleo upo mahali penye watu. Lakini mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtoto wa mvuvi, alipelekwa kituo kidogo cha pwani akiwa konstebo. Alikuta daftari la vielelezo limejaa mistari isiyokamilika: baiskeli bila namba ya fremu, panga bila jina la aliyelikamata. Akaanza kuliandika upya kila zamu ya usiku, akifunga vikaratasi kwa uzi kwenye kila kitu ghalani. Ukaguzi ulipofika, mkuu wake alikuwa na la kuonyesha, na mwaka uliofuata jina lake lilikuwa katika orodha ya kozi ya ukoplo. Hadi leo anaandika kwa mwandiko uleule wa taratibu niliomfundisha kidato cha kwanza.

18. Nani ana mamlaka ya kupandisha cheo?

Vyeo vya askari viko mikononi mwa uongozi wa Jeshi. Kadiri unavyopanda, mamlaka nayo hupanda: kwa wakaguzi na maofisa huingia Tume iliyoundwa kwa Sheria ya Tume ya Utumishi wa Jeshi la Polisi na Magereza ya mwaka 1990, na kwa ngazi za makamishna ni Rais, ambaye pia ndiye humteua Inspekta Jenerali.

19. Kwa nini wapo makoplo waliokaa na cheo hicho miaka kumi na zaidi?

Sababu kubwa ni umbo la ngazi yenyewe. Konstebo ni wengi, sajini meja ni wachache, na kila nafasi ya juu inahitaji fedha ya mshahara wake katika bajeti. Sababu nyingine ni adhabu iliyoandikwa, kukosa elimu inayotakiwa, au kufanya kazi mahali ambako mkuu hawasilishi mapendekezo kwa wakati. Kwa hili la mwisho naona Jeshi lina deni kwa askari wake, hasa walioko vituo vya mpakani na visiwani. Askari afuatilie kwa maandishi kupitia mkuu wake, atunze nakala, na aendelee kusoma. Wengi wamemaliza kidato cha sita na hata shahada wakiwa kazini.

20. Cheo kinaweza kuondolewa?

Ndiyo. Askari anayetuhumiwa kwa kosa la kinidhamu hushtakiwa ndani ya Jeshi, katika kile ambacho magazeti hukiita mahakama ya kijeshi, na adhabu zinaweza kufika kushushwa cheo au kufukuzwa. Ikiwa kitendo chenyewe ni jinai, baada ya kufukuzwa hufikishwa mahakama ya kawaida kama raia mwingine yeyote.

## Hali za pekee

21. Mimi ni Mzanzibari. Niombe wapi?

Kwa kuwa Jeshi ni moja, tangazo ni lako pia. Usaili na mafunzo yanaweza kufanyika Zanzibar, na unaweza kupangiwa Bara, kama vile wa Bara anavyoweza kupangiwa Pemba. Rejea swali la 1.

22. Nilizaliwa au nilisoma nje ya nchi. Je, naweza kuomba?

Sharti la uraia wa kuzaliwa hutazama uraia wako kisheria, si hospitali uliyozaliwa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwenye pasipoti ya nchi nyingine atatue hilo kwanza. Aliyesoma Kenya au Uganda, au mahali pengine, apeleke vyeti vyake Baraza la Mitihani kupata ulinganifu wa matokeo. Wa shahada apeleke Tume ya Vyuo Vikuu. Kazi hiyo nayo ifanyike kabla ya tangazo.

23. Nina kadi ya chama cha siasa. Ni kikwazo?

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari polisi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yake ya kupiga kura inabaki. Mwenye kadi airudishe na kujitoa kwa maandishi kabla ya kuapishwa. Baada ya hapo asivae fulana ya chama, asishangilie mkutanoni, wala asisambaze propaganda kwenye simu yake.

24. Mimi ni polisi msaidizi, au nimepita mgambo. Je, nitahamishiwa tu?

Hapana. Polisi wasaidizi wanatambuliwa na Sura ya 322, lakini hulinda taasisi zilizowaomba na hulipwa nazo. Mgambo wana sheria yao. Uzoefu huo utakusaidia katika mahojiano, lakini utaomba kama wengine, kwa umri na sifa za swali la 5.

25. Nimekosa mara mbili. Niombe tena?

Ikiwa umri bado unaruhusu, omba. Kukosa kwa sababu ya ushindani hakuandikwi popote dhidi yako. Kabla ya kuomba, jiulize uliondolewa katika hatua gani: nyaraka hurekebishwa, mwili huandaliwa kwa miezi michache ya kukimbia asubuhi, na mahojiano hufanyiwa mazoezi mbele ya mtu mzima asiyekuonea haya. Urefu haurekebishwi. Kwa aliyeondolewa kwa sababu hiyo, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto na Uokoaji hutoa matangazo yao yenye masharti yao, na mwenye vyeti vilivyokwisha kunyooshwa anaweza kuwahi dirisha litakapofunguliwa.